Kukaa kwenye darasa la upishi kabla ya TP (mazoezi ya kufundisha): niliyoyaona mimi

Dada uliyeuliza uangalie nini katika wiki mbili ulizopangiwa kwenye darasa la sayansi kimu kabla TP haijaanza, na kama yatosha kukaa nyuma na daftari lako: haitoshi, na nyuma usikae. Kaa karibu na karo. Karo la vyombo nasema, ile ya shule mwachie mhasibu.

Mimi nilipitia hayo mwaka 2017, shule ya bweni ya wasichana huku kwetu Pwani. Kidato cha tatu, wanafunzi 16, kipindi pacha (viwili mfululizo) cha Jumatano asubuhi. Siku ya kwanza niliangalia chakula, kama mgeni yeyote. Daftari likajaa "wali umeshikana", "mchuzi mwepesi", "mezani pamependeza". Mwalimu mwenyeji wangu akalisoma, akacheka kidogo, akaniuliza: "Na yule wa meza ya nne alianza na nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemwona akimaliza, kuanza sikumwona.

Swali lile lina sababu. Unajua upishi wa KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne hapa Kenya, ni karatasi ya tatu ya sayansi kimu, 441/3. Mtahiniwa anapewa nusu saa ya kupanga, halafu saa moja na robo ya kupika. Kwenye ile nusu saa ana ruhusa ya kufungua vitabu vya mapishi. Anaandika mapishi aliyochagua, mpangilio wake wa kazi, na orodha ya vyakula na vyombo atakavyohitaji, vyote kwa karatasi ya kaboni ili pawe na nakala. Akishamaliza kupanga, vitabu vinaondoka, na siku ya kupika anatarajiwa aufuate mpangilio aliouandika mwenyewe. Kwa hiyo wali ukiharibika, mara nyingi uliharibikia kwenye karatasi, kabla kiberiti hakijawashwa.

Sasa piga hesabu. Kipindi pacha ni dakika 80, mtihani ni dakika 75. Mwalimu amebakiwa na dakika 5 za kufunga aproni, kufunika nywele na kunyamazisha darasa. Ndiyo maana mwalimu mwenyeji wangu kupanga alikumaliza Jumanne, na Jumatano ubaoni hakuandika kitu ila saa ya kuanza na saa ya kuacha. Na ndani ya zile 75 kumo kupika, kuandaa meza, kuosha vyombo na kupangusa. Nyumbani ukipika biriani la watu 40 hakuna anayekushikia saa namna hiyo.

Jumatano ya pili kazi ilikuwa chakula cha mchana cha watu wawili: mchele, nyama ya kusaga, mchicha, nyanya, vitunguu, machungwa. Safari hii nikasimama karibu na karo, nikachagua meza mbili tu.

Wa meza ya nne, binti nadhifu kupita wote, alianza kukamua machungwa. Alianzia hapo kwa kuwa ndipo palipokuwa rahisi. Sharubati ikakaa mezani muda wote wa kupika, wazi, na huyo huyo wiki iliyotangulia alikuwa ameandika vizuri kabisa kwenye jaribio kwamba vitamini C hupotea ikipigwa na hewa. Mchicha akaukatakata kwanza, akaja kuuosha baadaye. Dakika ya 31 mchele ulikuwa bado kwenye bakuli, mkavu.

Mwenzake wa meza ya tatu hakuwa na mbwembwe. Cha kwanza aliteleka maji. Yalipokuwa yakichemka alichagua mchele, akauosha, akautia, akafunika. Ndipo akashika kitunguu. Kisu akikiweka chini, kimeoshwa. Dakika ile ile ya 31, upande wake wa karo ulikuwa mtupu. Upande wa pili kulikuwa na mlima wa bakuli, kikamulio, mbao mbili, na sufuria ambayo hata sikujua ilichafuliwa na nini. Ukisimama hapo unasoma mpangilio wa kazi wa darasa zima bila kuomba karatasi ya mtu.

Basi hapo ndipo nilipojitia aibu. Nyama ya meza ya nne ikaanza kushika chini, harufu nikaisikia. Mkono ukaenda wenyewe: nikapunguza gesi, nikachukua mwiko, nikageuza mara mbili tatu. Binti akaniambia asante, madam. Mwalimu alikuwa hatua tatu kutoka pale, mikono nyuma, hakusema neno. Kipindi kilipokwisha akaniita pembeni: "Meza ya nne leo mmepika wawili. Alama nizigawe vipi?"

Harufu ile alikuwa ameisikia kabla yangu. Alikuwa anangoja aone kama binti ataisikia, na baada ya muda gani. Hilo ndilo jambo alilotaka kulijua siku hiyo, nami nikalifuta kwa mwiko.

Lakini usije ukadhani kazi yake ilikuwa kusimama tu. Wiki hiyo hiyo msichana mmoja alifunua sufuria akiwa ameinama juu yake, mvuke ukampiga kifundo cha mkono. Kabla sijageuka, mwalimu alikuwa ameshamfikisha bombani, mkono chini ya maji. Rafiki yake akaja mbio na dawa ya meno, akarudishwa nayo. Msichana alikaa pale dakika 20 kamili, sufuria yake ikazimwa, na mwalimu akaendelea kuzungukia meza huku akimwangalia. Kwa hiyo andika daftarini mara zote mwalimu wako anapoingilia kati na mara zote anapojizuia. Chakula kikiungua aliacha, mtu akiungua aliruka. Kati ya hayo mawili kuna mambo mengi (kisu kinachoshikwa vibaya, mpini wa sufuria uliotokeza nje ya jiko) na hayo ndiyo ya kumuuliza mkiwa mnakunywa chai.

Mengine utayaona mwenyewe: kitambaa cha vyombo kisipanguse meza, mitungi ya gesi ifungwe kabla darasa halijatoka. Muulize pia mahitaji aliyaombea stoo lini. Wangu aliandika orodha wiki mbili kabla, na bado asubuhi ya Jumatano nilimkuta getini na kikapu, katoka sokoni kutafuta mchicha.

Kuna aliyeandika kwamba haina haja ya kujifunza haya kwani mfumo wa elimu wa 8-4-4, wenye KCSE, unaisha. KCSE ya mwisho inatarajiwa 2027, ni kweli. Ila kwenye mtaala mpya, sekondari ya chini, upishi umo ndani ya somo la kilimo, na shule nyingi huko hazina chumba cha upishi. Utafundishia nje, kwenye jiko la makaa, upepo ukivuma. Hapo karo litakuwa beseni. Kaa karibu nalo vile vile.

Mwisho, vaa viatu vya kufunika vidole na uende na aproni yako. Na wakikukaribisha kuonja usikatae, wanaumia. Ule wali wa meza ya nne niliula wote, na ulikuwa na kiini.