Sensa za rivasi kwenye Noah yangu: hela ilienda pema?

Mnara wa tanki letu la maji umesimama upande wa kulia ukiingia getini, hatua mbili kutoka ukutani. Nimekaa nao miaka sita na naujua kama ninavyolijua jiko langu. Hata hivyo jioni moja ya masika, mvua inanyesha, kioo cha nyuma kimejaa ukungu, watoto wawili wanagombania begi siti ya kati, nilirudi nyuma nikaugonga. Taa ya kulia ilipasuka vipande vipande, vikatawanyika kwenye tope. Bampa likachanika kwenye kona.

Gari langu lina bima ndogo, kama magari mengi ya mtaani kwetu, na bima ndogo hailipi ulichojigonga mwenyewe. Taa ya mtumba nikaipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa shilingi 90,000. Kuunganisha bampa na kupuliza rangi ikawa 120,000. Jumla 210,000 kwa kosa la sekunde moja, tena nyumbani kwangu. Wiki hiyohiyo nilianza kuulizia sensa za rivasi, vile vidude vya kwenye bampa la nyuma vinavyokulilia ukikaribia kitu.

Watu wengi wameniuliza tangu hapo kama zinafaa au ni mapambo. Jibu langu ni kwamba zinafaa, na mimi nisingekubali kurudi kuendesha Noah bila hizo. Lakini zinafaa zikifungwa na mtu anayejua kazi, na kwa dereva anayejua zisichokiona. Hayo mawili mimi niliyajua kwa kuumia, ndiyo maana nayaandika.

Tuanze na kilichomo kwenye boksi. Unapata sensa nne za duara zenye waya mrefu, kiboksi kidogo ambacho ndiyo ubongo wa mfumo wote, kengele au kioo kidogo chenye taa cha kuweka juu ya dashibodi, waya wa umeme, na kichwa cha drili cha kutobolea bampa. Kila sensa inapiga sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, mara nyingi mitetemo 40,000 kwa sekunde, kisha inasubiri mwangwi urudi. Popo anatafuta njia gizani kwa mtindo huohuo. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita moja nyuma yako unarudisha mwangwi ndani ya sehemu sita za elfu moja za sekunde. Kiboksi kinapima muda huo, kinaugeuza kuwa umbali, kengele inalia. Ukiwa mbali inalia polepole, ukikaribia inaongeza kasi, na ukibakiza kama sentimita 30 inalia moja kwa moja bila kukata.

Seti yangu niliinunua Kariakoo kwa 55,000. Muuzaji akaniitia kijana wa kufunga, tukakubaliana 30,000. Alimaliza ndani ya saa moja na nikafurahi kwamba ana mkono mwepesi. Furaha hiyo haikufika nyumbani. Kila nilipoingiza rivasi, kengele ililia mfululizo hata nikiwa uwanjani pasipo na kitu. Na kwenye kioo cha dashibodi, ukuta ukiwa kulia, taa iliyowaka ilikuwa ya kushoto. Nikampigia simu yule kijana.

"Dada, hizo ndiyo zilivyo. Utazizoea tu."

Nilizivumilia wiki tatu. Ubaya wa kengele inayolia hovyo ni kwamba unaacha kuisikiliza, na ukiacha kuisikiliza ni afadhali isingekuwepo. Shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme, mtu wa miaka sitini na kitu, anayefanyia kazi chini ya mwembe. Nilimwamkia, akaitikia, hakuuliza hata tatizo ni nini. Alichuchumaa nyuma ya gari, akachomoa sensa moja kwa kidole gumba, akanigeuzia upande wa ndani.

"Mwanangu, unaona huu mshale? Unatakiwa utazame juu. Wako unatazama ubavuni."

Ndipo nilipojifunza. Sensa haitoi sauti kama tochi yenye mwanga wa duara. Imetengenezwa isambaze zaidi kulia na kushoto kuliko juu na chini, ili isiipige ardhi. Ukiifunga kwa kuizungusha, inaanza kusikia barabara yenyewe, inalia. Pia kijana yule alitoboa chini mno, sentimita 38 kutoka ardhini. Mzee alipima akatikisa kichwa. Kwa gari la kawaida unataka kati ya sentimita 50 na 65, sehemu ya bampa iliyosimama wima, siyo pale linapojikunja kuingia chini ya gari. Na waya wa sensa zina herufi A, B, C na D, kila moja na tundu lake kwenye kiboksi. Zangu zilichomekwa kinyume, ndiyo maana kulia kulionekana kushoto.

Ilibidi matundu ya kwanza yazibwe. Kwa hiyo jambo ninalomsisitizia kila anayeniuliza ni hili: tundu kwenye bampa halirudi. Kaa pale wakati fundi anapima. Mzee yule alibandika selotepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, kutoka kona hadi kona, akapiga mstari kwa penseli, akapima nafasi sawa kati ya sensa na sensa, akarudi nyuma hatua kadhaa kutazama kama mstari umenyooka. Akalinganisha kichwa cha drili na sensa kabla ya kugusa bampa. Sensa nyingi zinataka tundu la milimita 22, lakini si zote. Kisha akatoboa taratibu, drili ikizunguka polepole, plastiki ikitoka kama maganda ya karoti. Kuziba, kupaka na kufunga upya nilimlipa 40,000. Ukijumlisha vyote, sensa zimenigharimu 125,000, na hapo ndani kuna 30,000 ya kijana ambayo ningeweza kuiokoa.

Umeme wake si mgumu. Kiboksi kinachukua chaji kwenye waya wa taa ya rivasi, ili kiwake pale tu unapoingiza gia hiyo, na athi yake, yaani waya wa hasi, inafungwa kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma kikaonekana. Mkataze fundi asiukate waya wa sensa eti ni mrefu. Ukizidi, aukunje aufunge vizuri ndani ya buti, mbali na waya wa spika na bomba la moshi. Maungio ya umeme yachomewe kwa risasi na kufungwa tepu. Waya uliosokotwa kwa vidole tu, kwa barabara zetu, hautamaliza mwaka. Wenye magari ya Ulaya wawe waangalifu zaidi, kwa sababu baadhi yake yanapeleka umeme wa taa kwa vipigo vifupi ili kukagua balbu, na sensa inawaka na kuzima yenyewe. Fundi anayejua ataweka rilei, swichi ndogo inayowashwa na umeme. Na kama una pikapu yenye bampa la chuma, ulizia sensa zenye mpira wa kuzunguka tundu, maana chuma kinabeba mtetemo na sensa inajisikia yenyewe.

Kabla ya kulipa, ifanyie majaribio. Ingiza rivasi, vuta hendibreki, mwambie mtu apite nyuma ya gari taratibu kutoka kona moja hadi nyingine, umbali wa hatua moja. Kila sensa iitikie ya kwake. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza.

Sasa ni mwaka na nusu, na sijagusa ukuta tena. Faida kubwa niliyoiona ni kwamba sikio linafanya kazi huku macho yako kwenye vioo vya pembeni. Kwenye maegesho ya Kariakoo kuna vijana wanaokuongoza, "njoo, njoo, kata yote, lete, lete, hapo!" na wengine wanasema "lete" mpaka ugonge. Sasa nawasikiliza wao na kengele, na wakipingana naiamini kengele. Wenye Noah mnakijua kile kioo kidogo kilichoning'inia kwenye kona ya juu ya mlango wa nyuma. Mchana mkavu kinasaidia sana. Usiku na mvua hakionyeshi chochote, na hapo ndipo sensa zinapolipa.

Lakini kuna vitu hazivioni, na hapa naomba unisome kwa makini kuliko pote.

Cha kwanza ni mtaro. Mwezi wa tatu baada ya kufunga, pale Sinza, nilikuwa nageuza gari mbele ya duka. Kengele ilikuwa kimya kabisa, nikajiamini, gurudumu la nyuma kushoto likatumbukia kwenye mtaro usio na mfuniko. Vijana watano walilinyanyua. Sensa haikuwa mbovu. Inasikia mwangwi wa kitu kilichopo, na shimo halirudishi mwangwi. Kwa jiji lenye mitaro kama letu, hili peke yake linatosha kukufanya ushuke utazame.

Cha pili ni vitu vilivyo juu ya bampa. Nondo zilizochomoza nyuma ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hata zikifungwa kitambaa chekundu, zinakuja usawa wa kioo chako wakati sensa inatazama chini yake. Mbao za fundi seremala, vivyo hivyo, na jani la geti lililoning'inia. Cha tatu ni vitu vyembamba na vilaini: waya wa uzio, kijiti, nguo, godoro. Chembamba kinarudisha sauti kidogo, kilaini kinaimeza. Ukuta ulio mshazari nao unaitupa sauti pembeni badala ya kuirudisha. Na ukishapita chini ya sentimita 30, sensa haipimi tena vizuri, kwa hiyo mlio usiokata maana yake simama, siyo "bado kidogo".

Kuna na mwendo. Kiboksi kinahitaji kupiga, kusubiri na kuhesabu kwa sensa zote nne. Ukirudi kwa kasi, au bajaji ikikatiza nyuma yako ghafla, mlio unakuja pamoja na kishindo. Rudi mwendo wa mtu anayetembea.

Na watoto. Mtoto mdogo aliyechutama nyuma ya gari, nguo zake zikimeza sauti, anaweza asisikike kabisa. Usimkabidhi mtoto kwa kengele. Marekani wameweka sheria kwamba kuanzia Mei 2018 kila gari jipya dogo liwe na kamera ya nyuma, na sheria hiyo ilizaliwa na vifo vya watoto waliogongwa na magari yanayorudi nyuma, mara nyingi yakiendeshwa na wazazi au ndugu zao. Nikifikiria hilo natetemeka, maana jioni ile ya mnara watoto wangu walikuwa ndani ya gari. Wangeweza kuwa nje.

Kwa hiyo kamera au sensa? Kamera inaonyesha mtaro, inaonyesha mtoto, inaonyesha rangi ya ndala aliyovaa. Ikipata tone la mvua au vumbi la Morogoro, au giza la uchochoro usio na taa, haina kazi. Tena inakuvuta macho mahali pamoja. Kama nyumbani kwako au shuleni unakopaki kuna watoto wadogo, na hela inatosha kitu kimoja, weka kamera kwanza. Kama shida yako ni kuta, nguzo na magari ya wenzako, anza na sensa. Mimi nimeongeza kamera mwezi uliopita na sensa sijazitoa, vinasaidiana. Mwenye gari fupi kama Vitz au Passo, anayeona kona zake zote na anapaki uwanja mpana, hela hiyo aitie kwenye tairi. Na sensa za mbele sishauri kwa foleni za Dar. Zitalia kutwa.

Matunzo yake ni kitambaa tu. Tope likikauka juu ya sensa inalia bila sababu au inanyamaza, kwa hiyo nazifuta kila asubuhi wakati wa masika. Vijana wa kuosha gari nimewaambia wasizielekezee mpira wa maji wenye presha kwa karibu. Na ukipeleka bampa kupulizwa rangi, sensa zichomolewe kwanza. Rangi nzito juu ya uso wake inaziziba.

Jambo la mwisho halikutoka kwenye boksi lolote. Kabla ya kuingia kwenye gari nazunguka nyuma, kila siku, hata nikichelewa. Mwanangu mdogo amelizoea. Akiona nimeshika ufunguo anakwenda kusimama kwenye ngazi ya baraza, pale ninapomwona vizuri kwenye kioo cha pembeni, na hashuki mpaka geti lifungwe.