Mdomo wa mama umejaa weupe, kumeza hawezi

SWALI: Assalaam aleikum dokta. Mimi niko Wete, namuuguza bimkubwa wangu, ana miaka 61 na ana sukari. Huu mwezi wa pili ulimi na mashavu kwa ndani yamejaa kitu cheupe kama maziwa yaloganda. Jirani katwambia tumsugue kwa ndimu na chumvi, tukamsugua mpaka damu ikatoka, kikapotea siku mbili kikarudi. Wiki hii hata boflo la kuchovya chai halipiti, akimeza anashika kifua. Watu washaanza kunong'ona eti ndo ule ugonjwa, wengine hawataki kula nae sahani moja. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dada, pole sana. Ndimu wacheni leo hii, mnamchuna mtu alokwisha chubuka.

Ulivyoeleza inaonesha ni fangasi, anaitwa kandida. Huyu yumo midomoni mwa watu wengi wazima na hawana habari nae, kinga ya mwili inamuweka chini, ikilegea ndo anapanda. Kula nae sahani moja hamtodhurika, kaeni nae mle.

Kilonishtua mimi ni hako kushika kifua. Fangasi akishateremka kwenye njia ya chakula dawa ya kudondoshea mdomoni haitoshi tena, anataka vidonge, mara nyingi flukonazo, wiki 2 mpaka 3, na asikatize eti kwa sababu ulimi umesafika. Lakini tafadhali usende kumnunulia mwenyewe duka la dawa! Kuna dawa ya sukari inaitwa glibenklamaidi, ikikutana na flukonazo sukari inaweza kushuka ghafla, mtu akatoka jasho, akatetemeka, akaanguka. Mpeleke spitali kesho asubuhi na uchukue paketi za dawa zake zote mfukoni, daktari azione kwa macho.

Sasa hayo ya kunong'ona. Sukari ilopanda peke yake inatosha kuleta haya, na prednisoloni pia (dawa ya kutuliza uvimbe, inashusha kinga), dawa za saratani, antibayotiki za muda mrefu, hata pampu ya pumu kama mtu hasukutui baada ya kuvuta. Ila sitokuficha, fangasi wa njia ya chakula Shirika la Afya Duniani linamuweka kwenye hatua ya 4 ya VVU, ndo ile ya mwisho, kwa hivyo apimwe sukari na VVU siku hiyo hiyo, na akikutwa na VVU dawa zipo na zatolewa bure. Mimi naogopa zaidi asiyepimwa, maana kinga ikishuka sana kuna fangasi mwengine anapanda kwenye utando wa ubongo: kichwa kinauma siku baada ya siku, homa, shingo ngumu, mtu anaanza kusahau watu. Ukiona hivyo hata iwe usiku wa manane tafuteni gari.

Kwa sasa mpe uji mwepesi wa vuguvugu, supu isotiwa pilipili, na kama ana meno ya bandia yavuliwe usiku mumuoshee.