Kinyoya Kilichoanguka Katikati Yetu

Jumapili usiku nilikuwa natia nyuzi raketi ya mtoto wa jirani, nimefika nusu, simu ikalia. Alikuwa msichana wa Kisumu, mchezaji wa badminton ya wawili wawili, ambaye hunisoma hapa. Ameandika: "Kocha, mwenzangu amesema tukirudi kutoka Kampala anahamia kwa mtu mwingine. Tumecheza miaka mitatu. Nianze upya au niache mchezo?"

Nikaiacha raketi kwenye mashine nikakaa chini. Wanaotia nyuzi wanajua kosa hilo: fremu ikiachwa nusu imevutwa nusu haijavutwa, inapinda. Ilibidi nikate zote nianze tena, gharama juu yangu.

Namjibu hapa hadharani kwa sababu swali hilo nimetembea nalo miaka mingi, na kwa sababu nawajua mnaonisoma. Hamchezi badminton kutafuta jasho tu. Mnataka bendera kifuani na jina kwenye orodha ya dunia. Basi jueni jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia: kwa wawili wawili, ile namba si yako. Ni ya jozi. Shirikisho la dunia hujumlisha matokeo 10 bora ya wiki 52 zilizopita, na pointi huandikwa kwa majina mawili pamoja. Mwenzako akiondoka leo, wewe na mtu mpya mnaingia kwenye orodha hiyo mikono mitupu. Mchezaji wa peke yake akigombana na dunia nzima, pointi zake bado anazo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Nilianzia ukumbi wa shule, mistari tumeichora wenyewe kwa chaki, na kila dirisha limefungwa hata kaskazi ikiwa kali. Asiyecheza huona kama wazimu. Lakini kinyoya, huo mpira wetu wa manyoya, kina manyoya 16 na hakifiki hata gramu 6. Ukiwasha feni, huchezi wewe, inacheza feni. Nilihamia Nairobi nikiwa na miaka 19, nikajiona simba, na wiki ya kwanza kila mpira wangu wa juu ulitoka nje. Kule juu hewa ni nyepesi, kinyoya kinakimbia. Vinyoya vina namba za mwendo, namba ndogo ni cha polepole: pwani nilizoea 76 na 77, Nairobi wanatumia 75, na hata hicho kilinishinda. Nilitaka kurudi nyumbani.

Aliyenizuia ni yeye, aliyekuja kuwa mwenzangu uwanjani. Jina lake silitaji, ana familia sasa. Mrefu, anapiga kwa mkono wa kushoto, smashi yake, lile pigo kali la kushuka chini, ilikuwa ikitua kabla hujaisikia. Mimi mfupi, kazi yangu ilikuwa mbele ya wavu: kuanzisha kwa sevu fupi inayopita juu ya utepe kama inauomba radhi, kisha kumfungulia yeye apige. Nasema bila haya, mbele ya wavu wakati ule Nairobi hakukuwa na mkono kama wangu. Tulikuwa tukishambulia, yeye nyuma mimi mbele. Wakitugeuzia, tunasimama ubavu kwa ubavu. Hatukuwa na haja ya kusemezana. Hapo ndipo palipotuponza, nitafika.

Miaka miwili ya katikati naipita. Mazoezi, maandazi, matatu, mazoezi.

Kabla ya korona tulikwenda Kampala, ukumbi wa Lugogo. Nauli ya basi nililipa mimi, ya wote wawili. Ada ya kujiandikisha pia mimi. Sikuandika popote, nilidhani huo ndio undugu. Raundi ya kwanza tulishinda vizuri mno, nikapiga simu nyumbani mama akapiga vigelegele. Raundi ya pili tukakutana na vijana wawili kutoka India waliokuja na kocha wao. Seti ya kwanza yetu, ya pili yao, ya tatu tukafika 19 kwa 20, wao wanahitaji pointi moja.

Walituinulia, yeye akasmashi, wakarudisha kwa nguvu, tukajikuta tunajihami: mimi upande wa kushoto, yeye kulia. Sasa fikiri. Mimi mkono wa kulia nimesimama kushoto, yeye mkono wa kushoto amesimama kulia. Mikono yetu yote miwili yenye nguvu ilikuwa imekutana katikati ya uwanja. Kinyoya kikaja hapohapo. Mimi nikajua ni chake, yeye akajua ni changu. Hakuna aliyesema "changu", hakuna aliyesema "chako". Kikaanguka taratibu kati ya viatu vyetu, kama jani la mwembe.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki mpaka hapo tu, na wasikilizaji wananihurumia. Leo nitamalizia. Kilipoanguka, nilimgeukia nikafungua mikono mbele ya ukumbi mzima, ile ya "mmeona alichonifanyia?" Yeye aliangalia chini, akakiokota, akakirudisha kwa mwamuzi. Ndani ya basi hatukusema neno kutoka Kampala mpaka Nairobi, na safari ile ni ya kutwa nzima. Baada ya wiki mbili ukaingia ujumbe: "Bro nimepata mtu. Asante kwa yote." Maneno sita. Nimewahi kupewa maelezo marefu zaidi na kondakta aliyekosa chenji.

Nilikasirika. Nilipiga hesabu ya kila shilingi niliyomlipia, na bado naikumbuka. Lakini hasira ile ilinifundisha jambo, nalo ndilo nataka vijana mlishike: zungumzeni pesa kabla ya kuzungumza mbinu. Hela za mchezo huu zipo juu kabisa, huku chini ni makombo. Chukua shindano lenye fungu la dola 15,000. Bingwa wa peke yake hupata asilimia 7.5. Jozi bingwa hupata asilimia 7.9, ya watu wawili. Yaani mkishinda, mkashinda kweli, kila mmoja hapati hata dola 600, na hapo tiketi, chakula na chumba mmejilipia. Mkifungwa raundi ya pili kama sisi, mnarudi na picha za simu. Kwa hiyo andikeni. Nani kalipa nauli, nani kaleta kopo la vinyoya, zawadi ikija inagawanywaje. Ukiona aibu kumwuliza mwenzako habari ya nauli, utamwamini vipi kwa 19 kwa 20?

La pili: semeni uwanjani. "Changu." "Chako." Semeni hata kama inaonekana wazi. Semeni mazoezini, semeni mkiwa mbele kwa pointi kumi. Nawafundisha watoto kila Jumamosi na nawachosha kwa hilo peke yake. Kijana wa siku hizi atakutumia ujumbe usiku kucha, lakini uwanjani yuko bubu kama gogo. Hamtafika.

La tatu nalo ni hilohilo la kusema, ila la nje ya uwanja.

Sasa, msichana wangu, kuhusu kuacha. Mimi niliacha. Miezi minane sikugusa raketi, nikimngoja aniombe msamaha, naye yuko viwanjani anacheza. Sasa mtazame mwanamke wa Indonesia anayeitwa Greysia Polii. Mwaka 2012, Olimpiki ya London, yeye na mwenzake walikuwa miongoni mwa jozi nne za wanawake zilizofukuzwa mashindanoni kwa kucheza ili wafungwe makusudi. Aibu ya dunia nzima. Akapata mwenzake mwingine, Nitya Krishinda Maheswari, wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2014, kisha goti la Nitya likagoma. Greysia alikuwa anakaribia miaka 30 na hana mtu. Mwaka 2017 wakampa msichana mdogo kwake kwa karibu miaka 11, Apriyani Rahayu. Mwaka 2021, Tokyo, wawili hao wakawafunga Chen Qingchen na Jia Yifan wa China 21-19, 21-15, dhahabu. Katikati ya mchezo huo nyuzi za Greysia zilikatika, akakimbia pembeni kuchukua raketi nyingine huku Apriyani akiulinda uwanja mzima peke yake. Mimi nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Naangalia yule mdogo, anavyosimama katikati bila kugeuza shingo kuuliza mwenzake yuko wapi.

Na wanaume wakitaka mfano wao, Hendra Setiawan alichukua dhahabu ya Beijing 2008 na Markis Kido, kisha akahamia kwa Mohammad Ahsan na kuwa bingwa wa dunia mara tatu: 2013, 2015, na 2019 siku ileile aliyotimiza miaka 35. Kuhama si usaliti kila mara. Hilo nimelikubali kwa kichwa. Moyo bado unachelewa.

Kwa hiyo usiache. Cheza Kampala na huyohuyo, na cheza vizuri, kwa sababu makocha watakaokuwa jukwaani hawajui kwamba mmeachana. Kuna msichana hapa Nairobi, mkono wake wa mbele safi, ana miezi anacheza na ukuta. Nimeshamwambia habari zako. Ukirudi, shukia Nairobi kabla ya kuendelea Kisumu, Jumamosi saa mbili asubuhi ukumbi unafunguliwa. Njoo na raketi mbili. Nauli yako utalipa mwenyewe, yake atalipa yeye, na daftari la hesabu nitawanunulia mimi.