Mpepeo wangu na maji ya kisima

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni mmea gani wa nyumbani uliokaribia kukukatisha tamaa, na ni kitu gani kiliuokoa?" Naandika kutoka Kunduchi. Mmea wangu ni ule wa jamii ya minazi wenye majani ya duara, yaliyokunjwakunjwa kama sketi ya marinda. Jina lake la kitaalamu ni Licuala grandis. Aliyeniuzia kitaluni aliuita mnazi wa mapambo, jina analolipa kila kitu chenye kuti. Nyumbani tumeuita mpepeo, maana jani lake ni pepeo tupu, kama lile la ukindu la kupepea mkaa, ila hili ni la kijani na linang'aa.

Niliununua Novemba 2019, vuli imeshaanza, ukiwa kwenye kiriba cheusi na majani manne. Niliuhamishia kwenye chungu cha saruji, nikauweka barazani upande wa mashariki, unaopata jua la asubuhi peke yake. Hapo sikukosea. Kwao ni visiwa vya Vanuatu, Bahari ya Pasifiki, na huko hukua chini ya miti mirefu, penye kivuli, joto na unyevunyevu. Kwa hali ya hewa, Dar es Salaam inaufaa kabisa: baridi hatuna, fukuto tunalo la kutosha. Masika yalipokuja ukatoa majani mawili mapya. Jani lake hutoka limefumbwa, limesimama wima kama upanga, kisha marinda yanaachia moja moja kwa siku kadhaa mpaka linatanda lote. Nilikuwa naamka naenda kuliangalia kabla sijapiga mswaki.

Shida ilianza mvua zilipokatika. Ncha za majani zikawa kahawia, kavu, zinakatika ukizishika. Nikaona una kiu, nikaongeza maji. Ukahawia ukapanda. Nikaongeza tena. Nikadhani ni jua, nikausogeza kivulini zaidi. Nikadhani ni njaa, nikautilia samadi. Kila jani lililoanza umanjano nililikata kwa mkasi ili mti upendeze. Kufika Januari, joto la kaskazi limepamba moto, ulibaki na majani mawili, na moja kati ya hayo nusu yake imekauka. Mume wangu alishaanza kuuliza kama kile chungu kinaweza kupandwa mchaichai.

Mtaa wa pili kuna babu anayetunza bustani za watu, kazi yake tangu ujana. Nilimsimamisha akipita na baiskeli.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

Nikamwonyesha. Majani hakuyagusa. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chungu, pale udongo unapokutana na saruji, kidole kikatoka na utando mweupe. Akaugusisha ulimini, akatema.

"Maji unatoa wapi?"

"Kisimani, babu. Hicho hapo nyuma."

Akaomba kikombe. Akaonja, yaliyobaki akayamwaga.

"Chai unapikia haya?"

"Hapana, ya kupikia tunanunua."

"Basi na huyu mnunulie."

Nimeishi ukanda huu wa pwani miaka mingi. Sabuni haitoi povu kwenye maji yetu, sufuria zinashika ukoko mweupe, na bado sikuwahi kufikiri kwamba ninayoyakataa mimi kwenye chai nayapeleka kwenye chungu kila siku. Kinachotokea ni hiki. Maji yanakauka na mengine mmea unayanywa, lakini sehemu kubwa ya chumvi inabaki udongoni. Ardhini mvua inaisukuma chini. Chunguni, tena barazani ambako mvua haifiki, haina pa kwenda, inarundikana. Udongo ukishakuwa na chumvi nyingi, mizizi haiwezi kuvuta maji hata kama yamejaa tele, na mti unakauka kwa kiu huku udongo umelowa. Kila ndoo niliyoiongeza kwa huruma ilikuwa inazidisha ugonjwa ule ule. Wasomaji wa Msasani, Mbezi Beach, Kigamboni na kwingineko karibu na bahari, nawaomba sana: mti ukianza kuungua ncha, kabla ya mbolea na kabla ya dawa, onjeni maji yenu.

Tiba yake haikuwa ngumu. Nilikitoa chungu uani, nikakipandisha juu ya matofali, nikachokonoa tundu la chini, maana mzizi ulishaliziba. Kisha nikamimina maji baridi ya bomba, yaani yasiyo na chumvi, polepole, ndoo baada ya ndoo, nikisubiri kila moja ishuke na kutoka kwanza. Maji ya mwanzo yalitoka na rangi ya chai ya rangi, ya mwisho meupe. Sasa nina pipa chini ya bati. Masika na vuli linajaa lenyewe, na miezi ya ukavu natumia dumu moja la lita 20 kwa wiki. Mara moja kwa mwezi nauogesha udongo vile vile mpaka maji yachuruzike chini.

Udongo nao niliubadilisha mwaka uliofuata. Mchanga wetu mtupu unapitisha maji haraka mno, na mfinyanzi unayatuamisha mpaka mizizi inaoza. Nachanganya mboji iliyoiva, mchanga wa mtoni na makumbi ya nazi yaliyopondwa. Ila makumbi yanahitaji uangalifu. Yana chumvi yake, na yale yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa kazi ya kamba yamelowa maji ya bahari. Nayaloweka kwenye maji baridi siku mbili, nayamwaga, narudia. Mti wenyewe ukiuhamisha usiutikise mizizi wala usiuzike shina. Ukae kimo kile kile ulichokuwa nacho.

Sasa nirudi kwenye ule mkasi, kwa sababu ndilo kosa linaloniuma zaidi na naliona kila bustani ninayopita. Mti wa jamii hii ukipungukiwa potasiamu, huinyonya kutoka kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye jani changa. Ndiyo maana manjano huanzia chini. Lile jani la manjano ambalo sisi tunaliona uchafu ni akiba ya mti. Ukilikata, mti unahamia kwenye jani la juu yake na kulinyonya hilo, nawe unalikata hilo pia, mpaka unafika kileleni. Na hapo hakuna msamaha: shina lina kichipukizi kimoja tu, kile tunachokiita moyo au kilele. Kikifa, shina limekufa, halitoi tawi la pembeni. Siku hizi naacha jani mpaka likauke lote, liwe kahawia hadi kwenye bua, ndipo nalitoa. Nalitoa kwa uangalifu, maana bua lina miiba. Mbolea natia kidogo kidogo wakati wa mvua, yenye potasiamu na magnesi, na samadi mbichi siiweki tena, wala sirundiki samadi karibu. Chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, hutaga humo, na tunajua anavyoufanya moyo wa mnazi.

Upepo ni jambo jingine la Dar. Kusi ikianza kuvuma, jani pana namna ile linachanika kwenye marinda, na likichanika halijishoni. Juni mpaka Septemba chungu changu kinakaa kati ya ukuta na mwembe. Kukiingiza sebuleni penye kiyoyozi sikushauri, hewa ile ni kavu mno.

Wengine huniambia mti huu tunao kila geti la hoteli, ule mrefu uliotanda kama mkia wa tausi. Ule ni mwingine. Unatoka Madagaska na kwa ukoo uko karibu na mgomba kuliko mnazi.

Lakini miti ya pepeo ya kweli tunayo hapa hapa, na naona uchungu tunapoisahau. Mvumo umejaa bonde la Rufiji, na shina lake lililotuna katikati. Huo si wa chunguni, maana mbegu yake ikiota hushusha chipukizi chini sana kabla jani halijaonekana. Halafu kuna mkoche. Mikocheni, mtaa wa magorofa na maofisi, umepewa jina na mti wenye majani ya pepeo. Tulipokuwa wadogo tulitafuna koche mpaka meno yakachoka, tunda gumu la kahawia lenye utamu wa mbali. Mkoche hugawanya shina lake mara mbili mbili, jambo adimu katika jamii hii, na unaota wenyewe kwenye mchanga wa pwani, kwenye jua kali, karibu kabisa na maji ya chumvi.

Mpepeo wa chunguni sasa una majani tisa, na kubwa kuliko yote lina upana wa sentimita 60. Unatoa matatu hivi kwa mwaka, hauna haraka. Nyuma ya nyumba, pembeni ya kisima, nimefukia koche tano moja kwa moja ardhini. Mbili zimeota. Jani la kwanza ni jembamba kama ukili, bado halijawa pepeo, na hizo nazimwagia maji ya kisima.