Kabla hamjakata plaiwudi: kwa mnaoanza mradi wa sayansi shuleni

Wadogo zangu mliojiunga na klabu ya sayansi mwaka huu, hasa nyie wa kidato cha pili na cha tatu, kila msimu wa maonyesho naona jambo lilelile. Timu inafika na kifaa kilichopakwa rangi kikapendeza, jaji anauliza, "Mmejuaje kwamba kinafanya kazi?", na wote wanatazamana. Kifaa mtu anaweza kukinunua dukani. Vipimo mlivyochukua wenyewe havinunuliki, na ndivyo mradi.

Nitumie mfano wa mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa sababu timu nyingi huichagua na vifaa vyake havisumbui kupata: boksi la plaiwudi, balbu, thamostati (swichi inayozima na kuwasha balbu kufuata joto), feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu. Yai la kuku linataka joto la nyuzi 37.5 hivi, na kifaranga hutoka siku ya 21. Sasa timu inaning'iniza kipimajoto karibu na balbu, inasoma 37.5, inapanga mayai. Lakini hewa ya moto hupanda juu. Chini kwenye trei, hasa pembeni, panaweza kuwa na baridi ya nyuzi kadhaa zaidi, na mayai yako huko chini. Wekeni kipimajoto usawa wa mayai, halafu mkihamishe: katikati, kila kona, karibu na mlango. Fanyeni hivyo boksi likiwa tupu, mchana na usiku. Washeni feni, mrudie vilevile. Mkionyesha jedwali la kona zote, kabla ya feni na baada ya feni, hakuna jaji atakayewauliza mmejuaje.

Kipimajoto chenyewe nacho kikaguliwe. Pondeni barafu, itieni kwenye maji kidogo, mkoroge. Kinapaswa kusoma 0. Kwa joto la mayai, kilinganisheni na kipimajoto cha homa ndani ya maji ya vuguvugu. Wengine hutumia maji yanayochemka wakitegemea 100. Kwa Tanga au Dar es Salaam sawa, lakini Arusha, iliyo kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Kipimajoto kizima kinaweza kutupwa kwa kosa la mlima.

Balbu za LED hazitawafaa, joto lake ni dogo. Tafuteni zile za zamani zenye waya unaowaka ndani. Na pigeni hesabu ya umeme mapema. Balbu ya wati 40 ikiwaka saa 24 inakula karibu uniti moja. Thamostati itapunguza, kwa kuwa balbu itazima na kuwaka, lakini mama anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake lazima ajue atalipa kiasi gani kwa siku 21. Nendeni mkamuulize kabla ya kuchora chochote. Muulizeni pia umeme ukikatika usiku anafanyaje. Majibu yake yatabadilisha mchoro wenu kuliko picha yoyote mtakayoiona mtandaoni.

Anzeni na kitu kidogo. William Kamkwamba wa Malawi, aliyejenga kinu cha upepo kwao kijijini akiwa na umri wa miaka 14 hivi, hakukimbilia mnara. Kwanza alijaribu kinu kidogo kwa mota ya redio. Kilipokubali ndipo akaja kwenye kikubwa cha baiskeli mbovu, feni ya trekta na miti ya mkaratusi. Kitu kidogo kikiharibika, mnajua kilichoharibika.

Umeme wa ukutani ni volti 230 na unaua. Kuunga waya hizo ni kazi ya fundi au mwalimu. Nyie fanyeni majaribio yenu kwa betri ya volti 12. Kwa hili sina mjadala na mtu.

Nunueni kaunta buku moja ya timu. Andikeni kwa kalamu ya wino: tarehe, saa, kipimo, jina la aliyesoma. Kipimo kikiwa kibaya kiacheni hapohapo, msikifute wala kuchana karatasi. Walimu wenzangu, tafadhali, daftari hilo waandike wanafunzi.

Mayai yakishaingia, wekeni idadi ileile chini ya kuku anayeatamia, ili muwe na cha kulinganisha. Siku ya 7 ingieni chumba chenye giza, shikeni yai juu ya mwanga wa tochi. Lililorutubishwa linaonyesha mishipa myembamba ya damu inayosambaa kutoka kwenye doa jeusi. Lisilorutubishwa linang'aa tupu. Yatoeni yaliyo tupu, ya kwenye mashine na ya chini ya kuku, na muyaandike kando, la sivyo mtailaumu mashine kwa mayai ambayo yasingetotolewa popote.

Kila yai lichoreni X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, mligeuze angalau mara tatu kwa siku ili kiini kisigande kwenye ganda. Mnaacha kugeuza siku ya 18, na hapo mnaongeza maji kwenye bakuli ndani ya boksi ili hewa iwe na unyevu zaidi. Ratiba ya zamu ibandikeni mlangoni siku ya kwanza, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na mwenye ufunguo wa maabara awe na nakala yake.