Kwa mnaoanza kuchambua drafti ya NFL: kabla hujaandika "amefeli", angalia alitua wapi

Wadogo zangu mnaoanza kuifuatilia futiboli ya Kimarekani, hasa nyie mnaotaka iwe kazi, iwe kuchambua, kuandika au kukaa na data, nina machache ya kuwaambia kutokana na miaka niliyokesha na hii drafti, yaani ile siku timu za NFL, ligi kuu ya kulipwa kule Marekani, zinachagua kwa zamu vijana wapya kutoka vyuoni. Raundi ya kwanza kwa saa za kwetu inaanza saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, kwahiyo aliyekaa macho mpaka jina la mwisho ameipenda kweli. Na swali la kila mgeni ni lilelile: timu ina maskauti, ina madaktari, ina hela, inamchagua kijana wa kwanza au wa pili nchi nzima, inakuwaje miaka mitatu baadae jamaa hayupo hata benchi?

Jibu la haraka mtakalolisikia kila kona ni kwamba alikuwa mvivu au hela zilimlewesha. Wapo wa hivyo, ntawafikia. Ila kuna kitu cha msingi ambacho wageni wengi wanakiruka, nacho ni mpangilio wenyewe wa drafti: timu iliyoboronga kuliko zote ndo inachagua kwanza. Yaani yule kijana bora anapelekwa penye kocha anayekaribia kufukuzwa, walinzi wabovu (wale wa kumkinga anayerusha mpira), wapokeaji wa pasi wa kuungaunga, na mashabiki wanaotaka ushindi mwezi wa tisa huohuo. Ukilielewa hilo vizuri utaacha kushangaa.

Mchukue David Carr, kotabeki, yaani yule anayerusha pasi na kuongoza mashambulizi, aliyechaguliwa namba moja 2002, Houston Texans. Timu ilikuwa mpya kabisa, huo ndo ulikuwa msimu wake wa kwanza kwenye ligi. Walimchukua Tony Boselli awe mlinzi wake upande wa kushoto, bega likamkatalia, hakuwahi kuichezea Texans hata mechi moja. Carr mwaka ule aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya NFL kwa msimu mmoja. Sasa niambie, kotabeki aliyepigwa chini mara 76 akiwa mgeni, msimu unaofuata anasoma uwanja au anasoma nani anakuja kumpiga? Miguu inaanza kutembea kabla hata hatari haijafika, na ile tabia ikishaingia mwilini kuitoa ni shughuli.

Somo ambalo ningetaka kila mgeni alisome taratibu ni la 2005. San Francisco 49ers walimchukua kotabeki Alex Smith namba moja, mtoto wa miaka 20. Aaron Rodgers, kotabeki mwingine, kijana wa California hukohuko, akakaa anasubiri mpaka namba 24 ndo Green Bay wakamuita. Smith alitupwa uwanjani mwaka huohuo, akamaliza na pasi 1 tu ya tachidauni (kufunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) na pasi 11 zilizonaswa na wapinzani. Halafu angalia makocha wake wa mashambulizi: 2005 Mike McCarthy, 2006 Norv Turner, 2007 Jim Hostler, 2008 Mike Martz. Kila mwaka mwalimu mpya, kitabu kipya cha mbinu, majina mapya ya kila kitu, na katikati ya hayo bega likaumia. Rodgers yeye miaka mitatu alikaa benchi nyuma ya kotabeki mkongwe Brett Favre, anajifunza, hamna anayemzomea. Na kocha wake mkuu kule kuanzia 2006 alikuwa nani? McCarthy huyohuyo aliyekuwa na Smith mwaka wa kwanza! Wakaenda wakachukua Super Bowl, fainali ya ligi, pamoja Februari 2011.

Na Smith hakuwa mbovu. 2011 alikuja kocha mkuu Jim Harbaugh, timu ikawa na mpangilio, wakashinda 13 wakapoteza 3. Baadae akaenda Kansas City kwa kocha Andy Reid akacheza vizuri kwa miaka, na 2017 ndo yeye aliyekuwa mbele wakati kijana aliyechaguliwa namba 10, Patrick Mahomes, anakaa benchi karibu msimu mzima akiangalia. 2018 Mahomes kapewa timu, tachidauni 50, tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mimi siwezi kusema Mahomes angefeli kwingine, kipaji chake kinaonekana, ila alipata ule mwaka wa kukaa kimya ambao Smith mwenyewe hakuupata.

Kitu kingine mjifunze kuuliza: chuoni nani alikuwa anamrahisishia kazi? Trent Richardson, mkimbiaji wa chuo cha Alabama, Cleveland Browns walimchukua namba 3 mwaka 2012. Kwenye klipu za chuo alikuwa anaonekana trekta. Ila waangalie waliokuwa wanamfungulia njia, wawili kati yao, Chance Warmack na D.J. Fluker, walichaguliwa namba 10 na 11 drafti iliyofuata. Mlango uko wazi kabla hajafika! NFL mlango unafunguka nusu sekunde unafungwa, anatakiwa auone mapema, na hapo ndo alipokwama. Septemba 2013 Browns wakamuuza Colts. Kwahiyo ukikaa na klipu, usiangalie zile mbio za yadi 60 peke yake. Tafuta zile ambazo mambo yaliharibika, mlinzi kazidiwa, mpokeaji kateleza, halafu uone kijana anafanya nini.

Vipimo navyo viwekeni mahali pake. Vernon Gholston, mtu wa kumfukuzia kotabeki wa wapinzani, kule Combine (siku za kuwapima vijana kabla ya drafti) alinyanyua paundi 225 mara 37, mwili wa ajabu, Jets wakamchukua namba 6 mwaka 2008. Alikuja kumwangusha kotabeki mara ngapi kwenye ligi? Sifuri, misimu mitatu. Nguvu anayo, kasi anayo, ila kumpita mlinzi wa NFL kunataka mikono na hila za kazi, na hizo huwezi kuzipima kwa kunyanyua chuma.

Na kuna majeraha tu, hayana mjadala. Ki-Jana Carter, namba moja 1995, goti lilichanika kwenye mechi ya kujiandaa na msimu, ameshika mpira mara tatu tu. Tafadhali huyu msimuweke kundi moja na wengine, sio haki hata kidogo.

Sasa wale wa makosa yao wenyewe. 1998 watu walibishana kweli kotabeki yupi aende kwanza, Peyton Manning au Ryan Leaf. Colts wakamchukua Manning, Chargers wakamchukua Leaf. Wageni hawajui kwamba Manning mwaka wa kwanza alinaswa pasi 28, rekodi ya ruki (mchezaji wa mwaka wa kwanza), na timu ilishinda mechi 3 tu. Mwaka uliofuata wakashinda 13. Alibaki na kocha yuleyule wa mashambulizi, Tom Moore, zaidi ya miaka kumi, na alikuwa mtu wa kukaa na klipu mpaka usiku. Leaf alinaswa 15 kwa tachidauni 2, akagombana na waandishi, akagombana na wenzake, na kocha mkuu akafukuzwa katikati ya msimu. Hapo unaona vyote viwili vimekutana, mahali pabovu na kijana ambaye hakuwa tayari kukosolewa, na ukiniuliza mimi hicho cha pili ndo kilimmaliza.

JaMarcus Russell, kotabeki, namba moja 2007, Raiders, aligomea kambi yote ya maandalizi kwa sababu ya mkataba, akasaini Septemba ligi imeshaanza. Msimu wa kwanza wa kotabeki ukaanza bila kambi! 2010 ameachwa, ana miaka 24. Hili la kugoma siku hizi halipo sana kwasababu 2011 mishahara ya maruki iliwekewa viwango. Sam Bradford, namba moja 2010, alipata mkataba wa dola milioni 78 kwa miaka sita, Cam Newton, namba moja wa mwaka uliofuata, milioni 22 kwa minne. Kwahiyo mkilinganisha wa zamani na wa sasa kumbukeni hilo, timu ya leo inaweza kumkatia tamaa kijana mapema zaidi maana hasara yake ni ndogo.

Kama unataka pa kuanzia, chukua drafti ya 2018, kotabeki watano raundi ya kwanza: Baker Mayfield 1, Sam Darnold 3, Josh Allen 7, Josh Rosen 10, Lamar Jackson 32. Usianze na takwimu zao. Kwa kila mmoja andika makocha wake wa miaka mitatu ya mwanzo, walinzi wake, wapokeaji wake, alianza lini kucheza. Rosen utakuta makocha wawili wa mashambulizi ndani ya msimu mmoja, kocha mkuu kafukuzwa, na mwaka unaofuata timu imemchagua kotabeki mwingine, Kyler Murray, juu yake. Allen mwaka wa kwanza pasi zake zilizofika hazikufika hata asilimia 53, ila Buffalo walimwachia kocha yuleyule wa mashambulizi, Brian Daboll, misimu minne na 2020 wakamletea mpokeaji Stefon Diggs. Darnold fuatilia mpaka Minnesota 2024, timu iliposhinda mechi 14 yeye akiwa kotabeki. Ukimaliza hiyo karatasi ndo ufungue klipu.