Barua kwa mwanangu: nyota iliyojivua gesi ikabaki hai

Kigamboni, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Umeniuliza nyota inawezaje kumwaga gesi nyingi namna ile isife. Picha uliyonitumia naijua, ni Eta Carinae. Yale mafungu mawili kama vibuyu vilivyogusana ni gesi na vumbi ambavyo nyota yenyewe ilivitoa.

Mwanangu, mwanga husukuma. Jua la pale feri linakusukuma nawe, ila kidogo mno huwezi kuhisi. Nyota hii inang'aa kuliko Jua mara milioni kadhaa. Uzito wake unaivuta gesi ndani, mwanga unaisukuma nje, na nguvu hizo mbili zinakaribia kulingana. Kwa hiyo tabaka lake la juu limeshikiliwa kwa shida sana, likitikiswa, linang'oka.

Likang'oka kweli. Kuanzia 1837, kwa takriban miaka 20, watu waliitazama ikirusha gesi ya uzito unaozidi Jua mara 10 na zaidi. Mwaka 1843 ilikaribia kung'aa kama Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Hapa kwetu mji haukuwepo bado, palikuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi. Aliyetoka na ngalawa usiku akatazama kusini, nyota hiyo ilikuwa mbele ya macho yake! Nami hufikiri: mwanga ule ulikuwa umesafiri miaka kama 7,500 kabla ya kumfikia.

Gesi ile bado inakimbia, kilomita 650 hivi kwa sekunde. Dar hadi Dodoma hata sekunde haiishi. Wataalamu wa nyota wamelinganisha picha za miaka tofauti, wakaurudisha mwendo wake nyuma, wakafika miaka ya 1840 ile ile. Hilo ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Haikufa kwa sababu ilichopoteza ni cha juu. Moyoni bado inawaka, na uzito uliobaki ni mkubwa kupindukia. Baadaye ilififia hata macho matupu yakaikosa, maana vumbi lake lenyewe liliifunika. P Cygni, nyota nyingine, nayo ililipuka mwaka 1600, na ipo hadi leo. Kufa zitakufa, lakini kwa mlipuko mwingine kabisa.

Njoo Juni, masika yakiisha. Saa mbili usiku tutakwenda mbali na taa, tutafute Msalaba wa Kusini, kisha tuangalie kulia kwake. Eta Carinae ni hafifu, lakini siku hizi inaonekana tena.

Mama yako